Msumari mmoja, siku 36



Juma lililopita niliwaahidi kwamba tutaongea juu ya watoto wanaochelewa kujua kusoma. Mnisamehe, somo hilo litangoja. Mama mmoja wa kundi letu alinishika mkono sokoni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni kweli kwamba mdogo wako walimtoboa shingo?" Nikamjibu ndiyo, ni kweli, na ndiyo sababu angali hai. Akanitazama kama mtu asiyesadiki. Nikaona afadhali niwaelezee wote kwa mara moja, maana maneno mengi yamezunguka katika kartie, na mengine yanaweza kuua mtu.

Mdogo wangu ana miaka 27, ana mke na watoto wawili. Kazi yake ni kufyatua matofali kando ya mto. Jumatatu moja alikanyaga msumari uliotokeza katika ubao wa zamani. Ukaingia kisigino, damu ikatoka kidogo tu. Jioni alipita kwangu akichechemea. Na mimi, mwenye diploma ya ISP, mimi ninayefundisha usafi wa mwili kila mwaka katika darasa la tano, nilimmwagia mafuta ya taa juu ya kidonda, nikafunga na kitambaa, nikamwambia: "Itapona, wewe si mtoto." Sikumuuliza juu ya chanjo. Kwetu chanjo ni maneno ya watoto wachanga na ya wanawake wenye mimba. Mwanaume mzima nani anamuuliza?

Kidonda kilifunga kwa siku nne. Jumanne ya juma lililofuata, siku ya nane, alimwambia mke wake kwamba taya linamuuma, hawezi kufungua kinywa vizuri kula bugali. Wakafikiri ni jino. Kesho yake asubuhi shingo ilikuwa ngumu kama ubao, tumbo gumu vilevile, na uso umevutwa kama uso wa mtu anayecheka bila furaha. Mama yetu alijaribu kumpanua meno kwa mpini wa kijiko ili apate uji kidogo. Hapo mwili wote ukakazwa ghafula. Mgongo ukapinda kama upinde, vikabaki kichwa na visigino tu juu ya mkeka. Ilidumu muda mfupi, halafu ikamwachia, halafu mlango ukabamizwa na upepo, ikamshika tena.

Watu walijaa katika parseli. Wengine wakasema ni pepo, apelekwe katika chumba cha maombi akeshe huko siku tatu. Wamama, mimi ni mtu wa sala, na sitadharau sala ya mtu yeyote. Lakini kwa Kiswahili ugonjwa huu unaitwa pepopunda, na neno lenyewe lina pepo ndani yake, na labda ndiyo sababu watu wengi wanakimbilia kufukuza pepo. Mimi nilisema tutasali njiani. Tulimweka juu ya pikipiki katikati ya dereva na shemeji yangu, tukaenda.

Muuguzi wa kituo cha afya hakuhitaji mashini. Alimtazama tangu mlangoni akauliza maneno mawili: "Ana kidonda? Alipata chanjo ya tetanosi?" Akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa siku ileile. Baadaye daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu hautambuliwi kwa kipimo cha damu. Unatambuliwa kwa macho: taya lililofunga, shingo ngumu, tumbo gumu, na mwili unaokazwa mtu akiguswa au akisikia kelele. Kwa hiyo hata sisi wamama tunaweza kuutambua nyumbani, na ni lazima tuutambue.

Sasa niwafasirie kama ninavyofanya darasani. Kuna mdudu mdogo sana ambaye macho hayawezi kumwona. Anakaa katika udongo, katika vumbi, katika mavi ya ng'ombe, ya mbuzi na ya wanyama wengine. Akiwa huko amejifunga ndani ya ganda gumu, anaweza kukaa miaka. Wengi husema kutu ya msumari ndiyo inaleta ugonjwa. Si kutu, ni udongo ulioshikamana na msumari. Mwiba, jembe, kipande cha chupa, wembe wa kukatia kitovu, hata tundu la sikio la mtoto, vyote vinaweza kumwingiza. Akiingia ndani ya nyama mahali pasipofika hewa, kama katika tundu jembamba la msumari, anaamka na kutoa sumu. Sumu hiyo inapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka katika uti wa mgongo.

Mwili wetu uko kama pikipiki. Kuna gesi ya kukaza misuli na kuna breki ya kuilegeza. Sumu ya tetanosi inaharibu breki. Gesi inabaki peke yake, basi misuli yote inakaza pamoja, ya taya, ya mgongo, ya koo, na mwisho ile ya kifua inayotuwezesha kupumua. Na akili haiguswi. Mgonjwa anasikia maumivu yote, anawasikia wote wanaosema karibu naye.

Nilimuuliza daktari: "Hamna dawa ya kutoa hiyo sumu?" Akanijibu: "Mama mwalimu, ile inayozunguka bado katika damu tunaweza kuikamata. Ile iliyokwisha kuingia katika mishipa ya fahamu, hakuna dawa duniani ya kuitoa. Mwili utajitengenezea breki mpya polepole, majuma matatu, manne, hata zaidi. Kazi yetu ni kumweka hai muda huo wote." Neno hilo nililishika. Ndiyo maana ya chumba cha wagonjwa mahututi, kile wanachokiita reanimasio.

Hivi ndivyo walivyofanya. Kwanza walimpiga sindano ya kinga iliyotengenezwa tayari, ya kukamata sumu iliyo katika damu. Walifungua kile kidonda nilichokisifu kwamba kimepona, wakakisafisha, wakatoa uchafu wote ndani. Wakampa metronidazole, dawa ya kuua wadudu wenyewe wasiendelee kutoa sumu. Wakampa diazepam ya kulegeza misuli na kumtuliza. Tena wakampa sulfate ya magnesium, ambayo wengi wenu mliiona katika maternite, maana ni dawa ileile wanayompa mama mwenye kifafa cha mimba. Daktari alinisimulia kwamba wenzake wa hospitali ya magonjwa ya nchi za joto katika mji wa Ho Chi Minh, huko Vietnam, waliipima kwa wagonjwa 256 wa tetanosi, wakatangaza matokeo mwaka 2006. Haikuondoa haja ya mashini ya kupumulia, lakini ilipunguza haja ya dawa nyingine za kutuliza mikazo na moyo unaokimbia.

Chumba chake kiligeuzwa giza. Waliweka pazia, wakakataza simu, wakakataza viatu vyenye kelele. Kila kazi ya kumgusa walijaribu kuifanya kwa mara moja ili asisumbuliwe mara kwa mara. Mtu mmoja tu wa jamaa aliruhusiwa kuingia, tena kwa kunong'ona. Wajomba zangu walikasirika, wakaona wanafichwa mgonjwa wao. Kumbe kelele ya kiti kinachovutwa ilitosha kumkaza mwili mzima.

Siku ya tatu usiku koo lilijifunga, pumzi ikakatika, midomo ikawa ya buluu. Wakamwokoa kwa mpira uliopitishwa kinywani. Asubuhi daktari akaniita na mke wake. Akasema atahitaji mashini ya kupumulia kwa majuma mengi, na mpira wa kinywani haufai kukaa muda mrefu hivyo, basi wanataka kufungua tundu dogo chini ya koo ili hewa ipite hapo. Mke wake akatupa kalamu. Akasema hawezi kutia sahihi ili mume wake akatwe shingo. Nje wajomba walikuwa wanasema tumtoe, tumpeleke nyumbani afe kwa heshima, pesa zimekwisha.

Wamama, sikuwa shujaa. Mikono yangu ilitetemeka. Nilifikiri juu ya mafuta ya taa. Nilifikiri: akifa, watasema dada yake ndiye aliyetia sahihi. Akibaki bila tundu, atakufa na hakuna atakayenisema. Nikamwuliza daktari neno moja: "Tundu hilo litafungwa siku moja?" Akasema ndiyo, misuli ikilegea tunautoa mpira, na ngozi inajifunga yenyewe. Nikamshika shemeji yangu mkono, tukaandika pamoja, yeye jina lake na mimi langu.

Kuanzia hapo alipumuliwa na mashini. Kulikuwa na dawa za kulegeza misuli kabisa, na nyingine za kumlaza usingizi. Chakula kilipita katika sonda puani, na walitaka kiwe chakula kingi chenye nguvu, kwa kuwa misuli inayokazwa mchana na usiku inateketeza mwili kama mtu anayelima bila kupumzika. Juma la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Sumu ilianza kuchezea moyo. Mara mapigo yanakimbia na jasho linalowesha shuka, mara damu inashuka, anakuwa baridi. Wauguzi walimgeuza upande huu na upande ule asipate vidonda vya mgongo, wakanyonya makohozi katika mpira, wakamsafisha macho na kinywa. Mashini ni kitu kikubwa, lakini niliona kwamba mikono ya wale wauguzi ndiyo iliyomponya.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Kabla jenereta haijawaka, muuguzi alishika puto la mpira akaliunganisha na tundu la shingo, akalikamua kwa mkono, akihesabu kwa sauti ndogo. Niliona ni muda mrefu kama usiku mzima. Baadaye nilisoma kwamba huduma hii ya reanimasio ilizaliwa namna hiyohiyo. Mwaka 1952, katika mji wa Copenhagen huko Danemark, ugonjwa wa polio uliwaziba watu pumzi, na mashini zilikuwa chache sana. Daktari Bjørn Ibsen aliomba wagonjwa wafunguliwe tundu shingoni na wapumuliwe kwa puto la mkono. Wanafunzi wa udaktari walikaa zamu kwa zamu, mchana na usiku, wakikamua. Basi lile tundu la shingo tunalolisengenya hapa sokoni limewaokoa watu tangu wazazi wetu hawajazaliwa.

Siku ya 24 walianza kumwachisha mashini kidogo kidogo. Siku ya 36 alitoka, amekonda, anatembea kwa fimbo, sauti imekwaruza. Leo tundu limefungwa, limebaki alama ndogo kama shilingi ya zamani. Kabla ya kutoka walimchanja. Nikashangaa, nikauliza: "Si amekwisha kuugua?" Wakanijibu kwamba tetanosi si kama surua. Kuugua hakumkingi mtu. Anaweza kuipata mara ya pili. Chanjo pekee ndiyo inayokinga, na ilibidi arudi kwa sindano nyingine.

Alipopata sauti, aliniambia jambo ambalo bado linanisumbua. Siku ile ya kwanza, kabla hajapewa dawa za usingizi, alimsikia mjomba wetu akiuliza bei ya sanduku la maiti, karibu kabisa na kichwa chake. Hakuweza kufungua kinywa kusema: "Niko hapa." Kwa hiyo, wamama, mgonjwa wa namna hiyo mwongeleshe maneno mazuri. Anasikia.

Deni la hospitali halijaisha. Kundi letu la likelemba lilinipa zamu yangu mapema, na wale waliokubali kungoja nawashukuru tena hapa. Lakini hebu tupime: upande mmoja siku 36, dawa, mashini, matofali yasiyofyatuliwa, watoto wawili waliokaa nje ya shule, upande mwingine sindano chache za mkononi. Na tusisahau kwamba wengi wanaofikia hali ile hawatoki. Mdogo wangu alitoka kwa sababu hospitali yenye mashini ilikuwa karibu. Kijijini kwa mama yangu haipo.

Basi tuandike somo.

Watoto: chanjo ya tetanosi imo ndani ya ile sindano ya pamoja wanayopata katika juma la 6, la 10 na la 14. Mtoto aliyekosa moja arudishwe, asiachwe kwa sababu tarehe imepita.

Wamama na wasichana: sindano mbili za wakati wa mimba ni mwanzo tu. Ya pili inafuata baada ya majuma 4, na inatakiwa ipite majuma 2 kabla ya kuzaa. Ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka tena. Ukifika tano, umekingwa kwa miaka yote ya kuzaa. Kinga yako inapita kwa mtoto angali tumboni. Kwa hiyo tunza fishi yako ya chanjo kama unavyotunza hati ya parseli.

Kitovu: mikono safi, mahali safi pa kuzalia, wembe mpya, uzi safi, na kitovu kisipakwe mavi ya ng'ombe, majivu, udongo wala mate. Mtoto anayenyonya vizuri siku mbili za kwanza, halafu kati ya siku ya 3 na ya 28 anaacha kunyonya na kukaza mwili, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Nchi yetu ilithibitishwa mwaka 2019 kwamba imeshinda tetanosi ya wamama na ya watoto wachanga. Maana yake ni kwamba imekuwa chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1 000 wanaozaliwa, katika kila eneo. Haina maana kwamba mdudu amekwisha. Yuko katika udongo wa bustani yako, na tukilegea atarudi.

Wanaume: hapa ndipo tulipojisahau. Mwanamke anachanjwa kila mimba, mwanaume hachanjwi tangu utoto, na wengine hata utotoni hawakuchanjwa. Na ni wao wanaochimba, wanaojenga, wanaobeba mbao. Ulizeni katika kituo cha afya namna ya kuwapatia. Mahali pengine itabidi kununua. Ni afadhali.

Kidonda: osheni kwa maji mengi na sabuni. Si mafuta ya taa, si majivu, si tumbaku. Kisha nendeni kituoni siku ileile na mseme wazi: "Amekanyaga msumari, chanjo yake ya mwisho ni ya mwaka fulani," au "hajapata kamwe." Kwa kidonda kichafu, hata aliyechanjwa, kama imepita miaka mitano, anahitaji sindano ya kukumbusha. Asiyechanjwa anahitaji chanjo pamoja na ile kinga ya tayari.

Na taya likifunga: msipanue meno kwa kijiko, msimnyweshe kitu. Mlazeni kwa upande, punguzeni kelele na mwanga, tafuteni gari. Ugonjwa ukianza, kila saa ni ya thamani.

Kazi ya nyumbani ya juma hili ni fupi. Katika mkutano wetu uliopita niliuliza ni nani ana fishi ya chanjo ya mume wake. Tulitazamana, hakuna aliyeinua mkono, na mimi sikuinua. Basi leo jioni, baada ya chakula, kila mmoja wetu amwulize baba wa watoto: "Wewe ulichanjwa tetanosi lini?" Atacheka. Mwache acheke, halafu umwulize tena. Jumamosi tutaleta majibu, na tutaenda kituoni pamoja na wale watakaokubali. Mdogo wangu amesema atatangulia. Anataka wamwone shingo.

Juma lijalo tutarudi kwa watoto wanaochelewa kusoma.